Windows 10 imefika mwisho: Linux ipi inaifaa kompyuta ya steshenari Ngara na Biharamulo?

Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Barua ziliendelea kuchapwa, kopi zikatolewa, fomu za wateja zikajazwa mtandaoni kama jana yake.

Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Tundu jipya likigunduliwa ndani ya Windows 10, haliji tena kiraka cha kuliziba. Microsoft iliweka mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida, hadi Oktoba 13, 2026, lakini ni kwa wanaojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Mashine iliyopigwa Windows ya kraki na fundi wa stendi miaka mitatu iliyopita, mara nyingi haina hata habari na hayo.

Kwa mwenye kompyuta ya nyumbani inayoangalia muvi, hili linaweza kusubiri. Kwa mwenye steshenari Nyakanazi, Benaco, Rulenge au Biharamulo mjini, ni suala la biashara. Kwenye mashine ileile zinapita namba za NIDA za wateja, vyeti vyao vilivyoskaniwa, nywila zao za Ajira Portal na za mkopo wa HESLB. Kutwa nzima zinachomekwa flashi zilizotoka kila kona, na nyingi zina virusi.

Kwa nini Windows 11 inagoma

Jibu la haraka la wengi ni "piga Windows 11". Tatizo ni kwamba Windows 11 ina masharti: RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017.

Sasa angalia mashine zenyewe. Laptopu zinazoletwa zikiwa zimetumika ughaibuni na kuuzwa Kahama au Mwanza ni zile zile: HP EliteBook 840, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine ngumu, kibodi nzuri, spea zinapatikana. Lakini EliteBook 840 G3 na Latitude E7470 ni kizazi cha 6, ThinkPad T450 ni cha 5. Zote zimeachwa nje ya mlango.

Kujua ya kwako ni rahisi. Soma jina la prosesa kwenye stika, au bonyeza kulia kwenye alama ya kompyuta na ufungue sifa zake. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha 6. Ikiwa i5-10210U, ni kizazi cha 10, na Windows 11 inaingia bila shida.

Mafundi wapo wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani kwa kuruka ukaguzi. Inawaka, ni kweli. Ila Microsoft yenyewe haiahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na hapo mtu amerudi palepale alipokuwa, tena na mfumo mzito zaidi.

Linux unayo tayari mfukoni

Linux ni nini hasa? Anayesoma habari hii kwenye simu ya Android anaitumia Linux muda huu. Kiini cha Android, yaani sehemu inayoongoza chipu, kumbukumbu na betri, ni Linux, kazi aliyoianzisha mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Ni bure kuitumia, kuinakili na kuigawa. Hakuna kraki kwa sababu hakuna kufuli.

Kinachowachanganya wengi ni majina. Mtu anasikia Ubuntu, Mint, Debian, Xfce, Cinnamon, anadhani ni vitu vya aina moja. Fikiria malori yanayopita Lusahunga kwenda Rusumo. Injini inaweza kuwa ya kampuni moja, lakini hili limefungwa bodi la mizigo, lile tanki la mafuta, na ndani ya kabini kila moja lina mpangilio wake wa viti na vitufe. Linux ni injini. Distro, kama Ubuntu au Mint, ni lori zima lililofungwa tayari kwa safari. Dawati, kama Cinnamon au Xfce, ni kabini: ndiyo sehemu ambayo dereva anaishika na kuiona siku nzima.

Anayehama kutoka Windows anapaswa kuhangaika na kabini kuliko injini. Mfanyakazi wa steshenari hana muda wa kujifunza upya wapi pa kubonyeza wakati wateja watano wamesimama dirishani.

Kuchagua dawati

Kwa mtu wa Windows 10, dawati lisilomsumbua ni Cinnamon, linalokuja na Linux Mint. Kitufe cha menyu kiko chini kushoto, saa iko chini kulia, programu zilizofunguliwa zinajipanga kwenye mstari wa chini. Mtu anakaa na kuanza kazi. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na matoleo ya familia ya Mint 22 yanapata masasisho hadi mwaka 2029.

Cinnamon inapendeza kwenye RAM ya GB 8. Kwenye GB 4 inafanya kazi, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa nyingi mashine inaanza kustaki. Kwa GB 4, chukua Mint ileile yenye dawati la Xfce. Sura yake ni ya kizamani kidogo, haina mbwembwe, na ndiyo sababu inakimbia. Kwa steshenari nyingi za wilaya hizi mbili, Mint Xfce ndiyo chaguo la busara, hata kwa mwenye GB 8, kwa sababu RAM inayobaki anaitumia kwenye kazi.

Ubuntu yenyewe inajulikana zaidi, na jina lake lina maana ya karibu: ni utu, kwa lugha za Kibantu za kusini. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ni nzuri na imara, ila dawati lake la GNOME limepangwa tofauti kabisa na Windows, linataka RAM zaidi, na faili lake la kupakua linazidi GB 5. Hilo la mwisho lina mtego utakaoelezwa chini. Kuna KDE Plasma pia, dawati zuri mno kwa anayependa kubadili kila kitu, na hapo ndipo ubaya wake: kijana wa dukani anaweza kuburuta mstari wa chini hadi juu ya kioo na asijue namna ya kuurudisha.

Mashine ya GB 2 ni habari nyingine. Lubuntu inaweza kuibeba, MX Linux pia, na antiX ni nyepesi zaidi ya hizo. Lakini ukweli usemwe: siku hizi kinachokula RAM ni kivinjari kuliko mfumo wenyewe. Hakuna distro itakayofanya WhatsApp Web na mfumo wa serikali vikimbie pamoja kwenye GB 2. Kama nafasi ya RAM ya pili ipo wazi, kuongeza RAM na kubadili diski ya kuzunguka kuweka SSD ndogo kutasaidia kuliko mjadala wowote wa distro. Na kama prosesa ni ya zamani sana, ya biti 32, Mint 22 haiingii kabisa.

Kazi za kila siku zitafanyika?

Habari njema kubwa iko kwenye kivinjari. Ajira Portal, mfumo wa mikopo wa HESLB, mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya TANePS, mfumo wa TAUSI wa leseni na ushuru wa halmashauri: yote hufunguliwa kwa kivinjari. Firefox huja tayari ndani ya Mint, na Chrome ina toleo lake la Linux. WhatsApp Web, ambako siku hizi wateja hutuma karibu kila kitu cha kuchapwa, inafanya kazi kama kawaida. Zoom ipo. VLC ni ileile.

Barua na majedwali vinahamia LibreOffice. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na mtu aliyezoea Word atapata njia ndani ya siku mbili tatu. Anayetaka sura inayofanana zaidi na Office anaweza kuweka OnlyOffice au WPS, zote zina toleo la Linux.

Tatizo la kwanza ni mwandiko. Times New Roman, Arial na Calibri ni mali ya watu, hazimo ndani ya Linux. LibreOffice inaweka badala yake miandiko yenye upana uleule: Liberation Serif, Liberation Sans na Carlito. Mara nyingi hakuna atakayegundua. Lakini kwenye ratiba ya mazishi iliyobanwa ukurasa mmoja, au barua yenye jedwali, mstari mmoja unaweza kuruka ukaangukia ukurasa wa pili. Dawa ni mbili. Sakinisha kifurushi cha miandiko ya Microsoft, ambacho kina Times New Roman na Arial. Na kazi ikishakamilika ihifadhi kama PDF kabla ya kumpa mteja, maana PDF haihami.

La pili linawahusu walimu. Yale mafaili ya Excel ya kupanga matokeo, yanayopigwa kitufe na kutoa nafasi, wastani na ripoti ya kila mwanafunzi, yanaendeshwa na makro. LibreOffice inaweza kuendesha baadhi, mengine yanakataa. Usihame katikati ya muhula. Fungua faili la shule kwanza kwenye Linux ya majaribio, bonyeza kila kitufe, linganisha na matokeo ya zamani. Likigoma, bakiza mashine moja yenye Windows kwa kazi hiyo.

Wabunifu wa kadi za harusi na mabango nao wasidanganywe. Photoshop, Illustrator na CorelDRAW hazina toleo la Linux. Zipo GIMP na Inkscape, ni programu za kweli na watu wanaishi kwazo, ila mkono uliozoea Photoshop miaka kumi utaumia miezi ya mwanzo. Aliyezoea Publisher ana sababu zaidi ya kuanza kuhama, kwa kuwa Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026. Mafaili yake LibreOffice Draw inayafungua, si yote vizuri. Ma-DJ wa VirtualDJ watakuta Mixxx, ya bure. Wahasibu wa Tally wabaki Windows.

Printa ndiyo inayoamua

Steshenari isiyochapa imefungwa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi ya dawati, mwenye duka aangalie mgongo wa printa yake.

Epson za tenki la wino, zile za L3110, L3210 na L3250, kwa kawaida hazina kelele: draiva yake ipo kwenye hazina ya programu za Mint. HP nyingi zinaendeshwa na programu iitwayo HPLIP, na inafanya kazi vizuri. Ila HP ndogo za leza kama P1102 zinahitaji kipande cha ziada ambacho HPLIP hukipakua siku ya kwanza, hivyo kuwe na bando siku hiyo. Mashine kubwa za kopi za Canon na Kyocera zina draiva za Linux kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Mtihani ni Canon ndogo za leza za zamani kama LBP2900. Ni bei nafuu, wino wake unajulikana, ziko kila mahali. Na ndizo zenye sifa mbaya kuliko zote kwenye Linux. Zinatumia lugha yao wenyewe ya kuchapa, iitwayo CAPT. Canon ilitoa draiva, lakini ni ya zamani, na kuifunga ni shughuli ya fundi mwenye uvumilivu. Inaweza kuchapa leo, ikagoma baada ya sasisho. Mwenye printa hiyo pekee, na asiye na fundi wa Linux karibu, abakize Windows kwenye mashine inayoishika printa mpaka atakapobadili printa.

Flashi za wateja

Hapa Linux inalipa haraka. Kila aliyefanya kazi steshenari anakifahamu kirusi cha shortcut: mteja anachomeka flashi, mafaili yake hayaonekani, kuna vialama vyenye mshale, ukibonyeza kimoja mashine nayo imeshaambukizwa, na kila flashi itakayofuata inaondoka nacho.

Kwenye Linux vialama vile havina kazi. Vimeandikwa kwa ajili ya Windows, hapa ni mafaili ya kawaida tu. Zaidi ya hapo, kirusi huficha mafaili ya mteja kwa alama za maficho za Windows ambazo Linux haizijali, kwa hiyo mara nyingi mafaili "yaliyopotea" yanaonekana pale pale, pengine ndani ya folda isiyo na jina. Unayanakili, unafuta takataka, mteja anashangaa.

Hii haina maana Linux haiwezi kushambuliwa. Ukurasa wa uongo unaoomba nywila ya benki ni ule ule kwenye mfumo wowote. Na faili lenye kirusi cha makro likipita kwako kwenda kwa mwenye Windows, linafika likiwa hai.

Kuipata bila kumaliza bando

Faili la Mint lina ukubwa wa karibu GB 3. Linapakuliwa mara moja, kisha linatosha kompyuta zote za mtaa, kwa kuwa kulinakili ni halali. Pengine fundi wa mjini anayo tayari kwenye flashi yake. Muulize kwanza.

Kama ni kupakua kwa simu, pakua usiku kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo, na utumie kivinjari kinachoweza kuendelea palipokatika. Na hapa ndipo mtego wa Ubuntu: kadi ya kumbukumbu ya simu iliyo katika mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Utaona upakuaji unakufa mwishoni baada ya kula bando lote. Mint inapita, Ubuntu haipiti.

Likishafika, faili hilo halinakiliwi kwenye flashi kama wimbo. Linaandikwa kwa programu maalumu. Kwenye Windows tumia Rufus au balenaEtcher. Asiye na kompyuta nyingine anaweza kutumia simu ya Android: programu ya EtchDroid huandika faili kwenye flashi kupitia waya wa OTG. Flashi iwe ya GB 8, na iwe haina kitu cha maana, kwa sababu vyote vilivyomo vitafutika.

Ijaribu kabla ya kuifunga

Linux inaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku unabonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, chagua flashi. Baada ya dakika chache dawati linatokea. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo.

Tumia saa nzima hapo. Sauti inatoka? Kamera inaona? Ukifunga mfuniko na kuufungua, mashine inaamka? Wi-Fi inaona mitandao? Laptopu zenye chipu ya Broadcom zina kawaida ya kunyamaza hapa. Ikinyamaza, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huipokea papo hapo, na kwa njia hiyo unapakua draiva ya Wi-Fi yenyewe. Kisha washa printa, chapa ukurasa. Fungua mafaili matano ya kweli ya wateja.

Yote yakikubali, ndipo kuifunga. Lakini kwanza nakili kila kitu cha maana kwenye diski ya nje: picha za pasipoti, violezo vya mikataba, barua za vijiji, mafaili ya shule. Wakati wa kufunga, kutakuwa na chaguo la kuifuta diski nzima na chaguo la kuiweka Linux kando ya Windows. Kidole kimoja kikiteleza kwenye la kwanza, kazi ya miaka mitano imeondoka, na hakuna kitufe cha kuirudisha. Watu wamelia kwa hili.

Kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja kunafaa kwa mwalimu mwenye makro zake au mwenye Canon ya CAPT. Zima kwanza uwashaji wa haraka ndani ya Windows, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake kwenye karatasi na uutunze. Diski ya GB 128 itabanwa ikibeba yote mawili. Duka lenye kompyuta mbili lina njia iliyo rahisi zaidi: moja inahama, nyingine inabaki, kila kazi inajulikana inafanyika wapi.

Baada ya kuhama

Umeme ukikatika ghafla, Linux huwa na daftari lake la ndani la kumbukumbu linalosaidia diski kujirekebisha ikiwaka tena. Haliokoi barua uliyokuwa unaandika bila kuihifadhi. Katika LibreOffice punguza muda wa kujihifadhi yenyewe hadi dakika 2 au 3. Washa pia Timeshift, inayokuja na Mint: hupiga picha ya mfumo, ili sasisho likiharibu kitu unarudi jana. Timeshift kwa kawaida haihifadhi barua na picha zako, hivyo diski ya nje ibaki na kazi yake.

Masasisho ya Mint hayajilazimishi. Mwenye duka anachagua lini, na anaweza kuchagua seva iliyo karibu ili yaje haraka. Kwa anayelipia kila MB, tabia hiyo pekee ni nafuu. Asiyasahau miezi sita lakini, maana usalama ndio uliomhamisha.

Duka linalokodisha mashine kwa wateja liwashe akaunti ya mgeni kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mteja akitoka, vyote alivyofanya vinafutika, ikiwa ni pamoja na barua pepe aliyoisahau wazi. Kuhamisha mafaili kati ya kompyuta mbili za duka kunafanywa na Warpinator, imo ndani ya Mint, inatumia hotspoti tu bila intaneti, na ipo ya Android pia.

Lugha je? Mint na LibreOffice zina sehemu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, si kila kitu. Hilo linaumiza kidogo ukikumbuka kwamba Tanzania ilitangulia: Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, babu wa LibreOffice ya leo. Kazi ile haikuendelezwa kwa kasi ileile, ingawa mlango haujafungwa. Tafsiri za programu hizi hufanywa na watu wa kujitolea, na anayejua Kiswahili kizuri anaweza kuanza hata akiwa Biharamulo.

Mashuleni nako kuna mfano wa kuangalia. Wilayani Karatu, Arusha, shirika la Powering Potential limefunga maabara za kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazoendeshwa kwa sola kwenye shule za sekondari. Zote zinaendeshwa na Linux, na masomo yamehifadhiwa ndani kwa hiyo hayahitaji bando. Shule ya Ngara yenye chumba cha laptopu za msaada zisizokubali Windows 11 inaweza kuanza na mashine moja na flashi moja, na mwalimu wa TEHAMA akatumia likizo ya Juni kupima ni zipi zinawaka na zipi ni za kutoa spea.